Hapana ya Kwanza

Wifi yake alipiga simu akinong'ona, na mtu anayenong'ona kwenye simu mchana kweupe hana habari njema.

"Wifi, njoo umwone mdogo wako. Kaniapisha nisikuambie, lakini nimechoka na viapo vyake. Njoo tu."

Dada mtu akaacha chai yake mezani, akaaga ofisini kwa kusingizia jino, akatoka. Njia nzima alikuwa anachemka. Mdogo wake huyo, fundi wa kuchomea mageti, alikuwa hajampigia simu tangu mvua zilipoanza, na dada aliona ni kununa tu. Huyo bwana alizaliwa amenuna. Marehemu mama yao alikuwa akisema hata kunyonya alinyonya kwa kususa. Kwa hiyo dada naye alikuwa amenuna upande wake. Watu wazima wawili, wa tumbo moja, kila mmoja anamngoja mwenzake aanze. Jamani, tunavyopoteza muda!

Alimkuta nyuma ya nyumba, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, taulo limezungushwa shingoni, na jua lile linawaka.

"Toa taulo."

"Karibu, dada. Habari za kazi?"

"Nimesema toa taulo."

Akatoa. Chini ya taya, upande wa kushoto, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa limau, ngozi yake imevutika ikang'aa. Dada alishika mdomo. Sauti ya mdogo wake ilikuwa imeanza kukwaruza, na kumeza mate kulimchukua muda. Alipomeza alifumba macho.

Wifi ndiye aliyesema, maana mwenyewe aligeuka kuangalia ukuta. Daktari aliwaambia ukatwe mapema. Ukiachwa utaingia kooni, na ukishaingia kooni hakuna cha kukata tena. Hospitali iko tayari, kitanda kipo, kinachosubiriwa ni kibali cha bima.

"Si una bima?" dada akang'aka. "Kazini kwenu si wanakukata kila mwezi? Bima yenyewe si ninakofanya kazi mimi? Mbona hujaomba?"

"Niliomba."

"Wakasemaje?"

Mdogo wake akacheka, kicheko kile cha mtu aliyekuwa anasubiri swali hilo. Akamtupia simu mapajani. "Unaniuliza mimi? Soma mwenyewe maneno yako."

Dada akasoma. *Ndugu mpendwa, tumelisoma ombi lako kwa moyo mzito. Kwa sasa halijatimiza masharti. Kuomba tena, bonyeza 1. Tunakutakia afya njema.*

Yalikuwa maneno yake kweli. Hilo la moyo mzito alilitunga mwenyewe, zamani, na nyumbani walikuwa wakimtania nalo mezani. Ukimnyima mtu kipande cha nyama unamwambia, ndugu mpendwa, nimekunyima kwa moyo mzito. Mdogo wake ndiye aliyekuwa bingwa wa utani huo.

Sasa hapa ni lazima ueleweshwe jambo moja, maana bila hilo hutaelewa kwa nini mtu mzima mwenye mke na watoto alikaa na uvimbe shingoni akanyamaza.

Pale kwenye kampuni ya bima ya afya, katika chumba cha kupitia maombi ya matibabu, palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote. Waliikuta, wakarithishana. Ombi la kwanza hukataliwa. Liwe la nani, liwe la nini, isipokuwa mtu anayevuja damu, utamwandikia hapana. Mzee aliyemfundisha dada kazi alimweleza hivi: mwongo akikataliwa mara moja hupotea, kwa sababu anaogopa kuulizwa; mwenye shida atarudi, kwa sababu hana pa kwenda. Na kwa kweli waongo walikuwepo, tena wa kila aina. Walikuwepo waliomleta jirani wakimwita mke, na waliotibiwa meno ambayo walishang'oa. Hapana ya kwanza iliwafagia wote.

Anayerudi aliandikwa kwenye kompyuta kwamba ameomba tena, akaitwa dirishani. Hapo ndipo dada alipoanza kazi yake hasa. Alimkaribisha kiti, akamwuliza, akamtazama usoni, akamwuliza tena kwa kuzunguka. Akiridhika, aliandika kikaratasi, meneja akasaini, kikaratasi kikashuka kwa mhasibu, hospitali ikalipwa. Wengi walipata. Wengine walimbusu mikono. Wenzake walimbandika jina la Chekeche, na yeye alilipenda; alijiona anatenganisha chuya na mchele, na mchele alikuwa hautupi.

Ila kwenye kompyuta ombi lilibaki pale pale, jekundu, limekataliwa. Kulifungua upya na kulibadilisha kulihitaji ruhusa kutoka makao makuu, na ruhusa ilichukua wiki. Nani ana muda huo? Mgonjwa kashatibiwa, hospitali imeshalipwa, ya nini kusumbuana. Miaka yote hiyo, chumba kizima, hakuna aliyerudi nyuma kusahihisha.

Nyumbani alikuwa akiwasimulia. "Hapana ya kwanza si hapana," alikuwa akisema huku akimenya viazi. "Ni kugonga mlango tu. Mwenye haja atagonga tena." Mdogo wake alilijua hilo kama anavyojua jina lake.

"Kwa hiyo ulijua," dada alisema, simu bado mkononi. "Ulijua ukirudi unapata. Kwa nini hukurudi?"

"Nirudi?" Fundi akasimama. Sauti ilimkatikia katikati, akakohoa, akaanza upya. "Niliona ni wewe. Nikasema, hata mimi? Hata mimi dada yangu ananipitisha kwenye chekeche kama mwizi wa mwisho? Ameliona jina langu, ameona ugonjwa wangu, hakupiga hata simu kuniuliza hujambo. Kanitumia moyo mzito! Nikasema basi. Nitakufa na heshima yangu."

"Heshima yako itakulelea watoto?" wifi akadakia. "Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nimemwambia mpaka nimechoka."

"Haki ya Mungu si mimi," dada alisema. Machozi yalikuwa yamemfika. "Sikuliona hata jina lako. Siku hizi ni mashine inayosoma. Dirisha limefungwa, wenzangu wameondolewa wote. Nimebaki mimi peke yangu."

"Mashine inajuaje moyo wako mzito?"

Dada akafanya alilolijua. Akamketisha mdogo wake, akajaza ombi upya yeye mwenyewe, akaambatisha barua ya daktari na picha za vipimo, akaandika maelezo mazuri kama ambavyo miaka yote alitamani watu wayaandike. Akabonyeza. "Sasa umerudi," alimwambia. "Anayerudi anasikilizwa."

Wifi alikwenda kuleta maji ya kunywa. Kabla hajarudi, simu ililia. *Ndugu mpendwa, tumelisoma ombi lako kwa moyo mzito.*

Mdogo wake akachukua taulo, akajifunga tena shingoni.

Asubuhi iliyofuata dada alifika ofisini kabla ya mfagizi. Chumba kile zamani kilikuwa na meza zimebanana na kelele za watu. Sasa kilikuwa na meza moja, kiti kimoja na skrini kubwa. Ilisemekana sheria inataka binadamu aridhie kila uamuzi, ndiyo maana binadamu mmoja aliachwa. Kazi yake ilikuwa hii: mashine inaleta maombi ambayo imeshayajibu, kwa mafungu, fungu zima kwa pamoja, namba tupu bila majina, na chini kuna kitufe kimeandikwa *Nimepitia*. Anabonyeza. Fungu linaondoka, linakuja jingine. Mwanzoni alijaribu kufungua moja moja, meneja akamwambia anachelewesha kazi. Basi akawa anabonyeza huku anakunywa chai. Wakati wenzake walipopewa barua za kuachishwa, yeye alimshukuru Mungu kwa sauti, na mmoja wao alimsikia.

Akatafuta ombi la mdogo wake, lile la kwanza. Alilipata. Limekataliwa. Limepitiwa. Na mbele ya neno *Limepitiwa* lilikuwepo jina lake, lote, na la baba yao.

Alikaa akilitazama. Jana alimwapia mdogo wake kwa jina la Mungu, mbele ya mkewe, kwamba si yeye.

Mtaalamu wa ile mashine, mtu aliyeletwa na waliowauzia, alikuwa bado anakaa chumba cha pili. Alikuwa mpole, mnene, mpenda kuelezea. Dada akamwuliza kwa nini mashine inawakataa wanaorudi.

"Ah, hiyo ni sehemu ninayoipenda," mtaalamu akasema, akavuta kiti. "Hatukuipangia sisi. Imejifunza kwenu. Tuliilisha maombi yenu yote ya miaka iliyopita. Ikagundua kwamba aliyekataliwa akiomba tena, hakuwahi kukubaliwa. Hata mmoja. Kwa hiyo mtu akirudi, inampunguzia alama. Akirudi tena, inampunguzia zaidi. Na hata lugha imechukua kwa mtu mmoja hivi aliyekuwa anaandika vizuri sana."

"Walikubaliwa," dada akasema.

"Akina nani?"

"Hao wote. Walikubaliwa kwa vikaratasi. Kwenye kompyuta hatukubadilisha."

Mtaalamu alitabasamu, halafu tabasamu likapungua kidogo kidogo. "Vikaratasi viko wapi?"

"Mhasibu alikuwa anavichoma kila mwisho wa mwaka."

"Mama," mtaalamu akasema taratibu, "mimi nilipewa kilichomo kwenye mfumo. Hayo mengine zungumza na meneja." Akarudisha kiti mahali pake.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Hilo lisemwe, maana ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwa mbaya. Alikuwa na umri wa kuwa mtoto wa kwanza wa dada kama angewahi kuzaa, na alimwita mama kwa kumaanisha. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu yake. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Mama, hiyo desturi mimi niliikuta. Nimesaini vikaratasi vyako kwa mkono wangu huu. Najua unachosema ni kweli."

"Basi isimamishwe."

"Subiri. Tufikirie pamoja." Akakaa, si kwenye kiti chake bali kwenye kile cha wageni, pembeni yake. "Nikiandika leo kwenda juu kwamba rekodi zetu zote ni za uongo, watafanya nini? Watasimamisha mashine, sawa. Wataleta wachunguzi. Na mpaka wachunguzi wamalize, hakuna atakayelipwa. Hata hao wachache wanaokubaliwa sasa, hawatalipwa. Wachunguzi wale unawajua, wakikaa wamekaa. Mdogo wako ana muda huo?"

Dada hakujibu.

"Ana muda huo, mama?"

"Hana."

"Na wa kwanza kuulizwa ni wewe, wa pili ni mimi. Lakini hayo tuyaache, tuzungumze ya mgonjwa." Meneja akavuta karatasi. "Nina mamlaka ya kusaini ombi moja kwa mkono, la dharura, mara chache. Nitasaini la mdogo wako sasa hivi. Leo mchana hospitali itakuwa na kibali. Ila nikisaini, haya tuliyozungumza yanabaki humu. Siwezi kusaini huku na kuandika huku; wakija kuchunguza, sahihi hii ndiyo ya kwanza kufutwa."

"Na wengine?"

"Wengine akina nani?"

"Hao waliokataliwa. Waliorudi."

"Unawajua?" meneja akauliza. Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kusaidiwa. "Mimi siwajui. Ni namba. Mdogo wako namjua, kwa sababu wewe unalia mbele yangu. Mama, niambie nifanye nini. Utakaloniambia nitalifanya, nakuapia."

Hapo ndipo ulipo ukatili wa jambo lenyewe. Angefukuzwa angepiga kelele. Angetishwa angekuwa jasiri, maana dada huyu hakuwa mwoga, miaka yote alishindana na waongo wenye vifua. Lakini aliulizwa kwa upole, kalamu iko mezani, na masikioni mwake anasikia mdogo wake anavyomeza mate. Mkuki kwa nguruwe, Waswahili walisema, na leo yeye ndiye aliyekuwa anahesabu nani awe nguruwe.

"Saini," akasema.

Meneja akasaini. Alipomkabidhi karatasi, wote wawili hawakutazamana.

Kabla ya kupasuliwa, mdogo wake alimwuliza ilikuwaje. Alikuwa amelazwa, mavazi ya hospitali yamempwaya, amekuwa mdogo ghafla. Dada alikuwa amejipanga kudanganya, uongo wake ameushona vizuri. Akashindwa. Akamwambia yote: kitufe, jina lake kwenye ombi, kiapo alichokula bure, desturi yao ya miaka yote ambayo mashine ilijifunza bila wao kujua, na mlango ambao meneja aliufunga.

Fundi alisikiliza. Alimpiga dada yake kofi dogo la mkononi, lile la utotoni, la kusema yameisha. "Niliujua mkono wako," akakwaruza. Kisha baada ya muda: "Na wengine?"

"Wengine wana Mungu wao."

Mdogo wake aligeuka kuangalia ukuta. Waliokuja na kitanda cha magurudumu wakamchukua.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alitoka akiwa amechoka na akasema wamewahi, lakini kwa chupuchupu. Ungecheleweshwa kidogo tu, hadithi ingekuwa nyingine. Wifi alipiga magoti pale pale kwenye korido. Dada alilia mpaka akaaibika. Furaha aliisikia, asikudanganye mtu, ilimjaa kifua kizima, na kwa siku nzima hakufikiria kitu kingine chochote.

Kesho yake alikwenda kumwangalia. Mdogo wake alikuwa amefungwa bandeji shingo nzima, haruhusiwi kusema, lakini macho yalikuwa mazima na alikunywa uji kwa mrija akakunja uso kuonyesha kwamba hauna sukari. Dada akacheka. Kitanda cha jirani alilala kijana mwanamume, mwembamba, taulo shingoni, na pembeni yake mama mtu mzima anayemuuguza.

"Hongereni," yule mama akasema. "Ndugu yako amepona. Na sisi tuko kwenye foleni hiyo hiyo, ugonjwa huo huo. Tunasubiri bima."

"Mungu atajalia," dada akasema, na akajishughulisha na bakuli.

"Hebu nisaidie mwanangu, macho yangu yamekwisha. Simu imelia tangu asubuhi, huyu kalala, sitaki kumwamsha." Akamwekea simu mkononi. "Nisomee kwa sauti, nisikie."

Angeweza kusema hana miwani. Hakuwaza haraka. Alisoma. "Ndugu mpendwa. Tumelisoma ombi lako kwa moyo mzito." Sauti yake ilisoma vizuri, kila neno mahali pake, kwa sababu ndivyo alivyoliandika, lisomwe kwa upole. "Kwa sasa halijatimiza masharti."

"Wamekataa?"

"Wamekataa, mama."

Yule mama alitikisa kichwa, wala hakuonekana kuvunjika. "Hayo nilitegemea. Marehemu mume wangu aliugua, walikataa hivi hivi mara ya kwanza. Alikuwepo dada mmoja dirishani, akatuita, akatusikiliza, akatupa. Wale ukirudi wanakupa. Niombe tena, sivyo?"

"Usiombe tena," dada akasema.

"Eti?"

"Usiombe tena, mama. Ukiomba tena ni mbaya zaidi. Nakuomba."

"Mbaya kwa nini?"

Dada alifungua mdomo. Kitandani, mdogo wake alikuwa anamtazama. Akilini aliiona karatasi yenye sahihi ya meneja, akaona namna inavyofutwa, na kibali kinachofuata cha dawa na vipimo vya miezi ijayo kikikosekana. "Nimesikia tu," akasema. "Watu wanasema."

Yule mama alimwangalia toka juu mpaka chini. Upole ulimtoka usoni. "Loo! Wako kapata, ndiyo unanikataza mimi wangu asipate? Mlilipitishaje la kwenu, kwani? Una roho gani wewe dada?" Akanyoosha mkono, akachukua simu yake. "Bonyeza ngapi, umesema? Umesoma mpaka katikati ukaacha."

Kijana kitandani alikuwa ameamka, na ndiye aliyesema kwa sauti ya kukwaruza, "Moja, mama. Huwa ni moja."

"Moja naijua," mama akasema. Akaisogeza simu karibu na macho, akaitafuta kwa kidole, akabonyeza.

Dada alimgeukia mdogo wake. Bandeji haikumruhusu kugeuza shingo. Alifumba macho tu, na hakuyafumbua mpaka dada yake alipoondoka.